Mgeni Aliyefuata Harufu ya Mkate

Methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" wengi huichukua kijuujuu. Hudhani maana yake ni kwamba mgeni akipiga hodi, chungu hupata nyama, na watoto wa nyumbani walioshindia mboga wiki nzima nao huramba vidole. Maana hiyo ipo, wala haina ubaya. Lakini katika mji mmoja uliokaa baina ya mto na kilima, aliishi mwanamke aliyeijua methali hii kwa undani zaidi, na aliijua siku ambayo hakuwa ameitafuta.

Mwanamke huyo alikuwa mkunga mstaafu, na mji mzima ulimwita hivyo hivyo, Mkunga, utadhani jina alilopewa na wazazi wake lilistaafu kabla yake. Nusu ya mji ilizaliwa mikononi mwake. Alipopita sokoni, wanaume wenye ndevu walimwamkia kwa adabu ya watoto, maana nani awezaye kujitia ukubwa mbele ya mtu aliyempokea duniani akiwa uchi na akilia? Alikuwa mwembamba kama uzi, lakini mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa haraka.

Baada ya kustaafu, kukaa bure kulimshinda. Kwa hiyo mpiga picha wa mjini alipoanzisha kikundi cha wenyeji wa kujitolea, Mkunga alikuwa wa kwanza kujiunga. Msafiri yeyote aliyetaka kuuona mji alipewa mwenyeji mmoja, wakatembea pamoja asubuhi nzima, na mwenyeji hakupokea chochote ila asante. Watu hawakukosa la kusema.

"Mnatembeza watu bure!" jirani yake mmoja alimkejeli. "Kwani miguu hiyo mmeiokota?"

"Mimi nimepokea wageni maisha yangu yote," Mkunga alimjibu, "na kila mmoja aliingia kwa kelele. Hawa wa sasa angalau huja wakicheka."

Kazi hiyo aliifanya kwa moyo mkunjufu. Wenzake waliwaonyesha wageni majengo. Yeye aliwaonyesha watu. Hakumpitisha mgeni mbele ya karakana ya seremala bila kumwingiza ndani, wala hakumsimamisha kwa mfumaji bila kusema, "Huyu alizaliwa siku ya mafuriko, ndiyo maana mikono yake haijatulia mpaka leo." Mfumaji alicheka, mgeni alicheka, na kabla jua halijafika utosini mgeni alikuwa anaitwa kwa jina la utani barabara nzima. Wasafiri waliondoka wakidhani wamekaa mjini mwaka.

Hata hivyo, palikuwa na mtaa mmoja ambao Mkunga hakumpeleka mgeni hata siku moja. Mtaa huo ulikuwa na tanuri la mikate lililojengwa na baba yake, na ndani yake alifanya kazi mdogo wake wa pekee, mwokaji ambaye watu walimwita Unga kwa vile tangu utoto hakuna aliyewahi kumwona amekung'utwa akatakata. Kaka na dada hawa walikuwa wamekua kama ulimi na mate. Kisha baba yao aliugua. Siku alipokata roho, Mkunga alikuwa wodini, ameshikilia uhai wa mama mmoja aliyekuwa akivuja damu, na hakuweza kuondoa mikono. Alipofika nyumbani, baba alikwisha funikwa shuka. Unga alimkabili mlangoni, mbele ya waombolezaji, akamwambia, "Umekuja kufanya nini? Watoto wa watu wamekwisha?"

Maneno yale yalimchoma Mkunga kama msumari wa moto. Baada ya mazishi aliacha kupita mtaa ule, naye Unga, kwa ukaidi wa mtu anayejua amekosea, hakumfuata. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mji ukatii, ukachukua majembe yake ukaenda kulima. Miaka ikapita, na Mkunga akawa ananunua mkate wa dukani, mkavu kama kifuu, akimwambia kila aliyemuuliza kwamba ndio unaomfaa tumboni.

Asubuhi moja mpiga picha alimjia akikuna kichwa.

"Dada, kuna wageni wawili, mzee na mkewe. Nilitaka uwachukue wewe. Ila yule mzee haoni."

"Haoni vizuri?"

"Haoni kabisa."

Mkunga aliweka kikombe chini. "Sasa mtu asiyeona nikamwonyeshe nini?"

"Ndiyo sababu nimekuja kwako. Wenzetu watamwonea haya, wataanza kunong'ona na mkewe kana kwamba yeye ni mzigo uliosahauliwa. Wewe haya huna."

"Hiyo ni sifa au tusi?"

"Chagua mwenyewe," mpiga picha akasema, akaondoka mbio.

Kituoni Mkunga aliwakuta wamekaa juu ya begi lao. Mzee alikuwa mnene, mcheshi, kofia imemkaa upande. Mkewe alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka mbali. Mkunga alijitambulisha, kisha kwa kuwa hakuzoea kuzunguka mbuyu akasema, "Mzee wangu, nakwambia kweli, nimekuja njia nzima nikiwaza nikuonyeshe nini."

Mzee aliangua kicheko. "Si wanasema mgeni ni kipofu hata akiwa na macho? Basi mimi sijapungukiwa na kitu. Nilikuwa fundi wa redio, mama. Macho yalipoondoka, masikio yalibaki kazini. Twende tu, usinifiche kitu."

"Katika mji huu hakuna mlango nitakaokunyima," Mkunga alimwahidi, kama alivyozoea kuwaahidi wageni wote.

Kisha ikawa asubuhi ambayo Mkunga hakuwahi kuipata tangu aanze kazi ile. Alimpeleka mzee kwenye daraja la chuma, akamwekea kiganja juu ya ukingo, akamwambia asubiri. Lori lilipopita, daraja zima lilitetemeka mpaka kwenye mifupa ya mkono wake, na mzee akacheka kama mtoto anayetekenywa. Kwa seremala alichota takataka za randa kwa mikono miwili, akazinusa moja moja na kuuliza huu ni mti gani, na ule je. Kwa mfumaji alikaa mbele ya kitanda cha kufumia, akaruhusiwa kurusha uzi mwenyewe, na alipouangusha, mfumaji alisema hata wanafunzi wake wenye macho huuangusha. Walisimama nje ya ukuta wa shule wakasikiliza watoto wakiimba jedwali la hesabu, sauti moja ikichelewa nyuma ya wengine kila mara.

"Huyo mmoja," mzee akanong'ona, "hajui saba mara nane."

Mkunga alijikuta anausikia mji wake upya. Alikuwa ameupita ukuta ule maelfu ya mara, wala hakuwahi kumsikia yule mtoto. Akawa anamsimulia mzee rangi za milango, umbo la kilima, namna maji ya mto yanavyobadilika yakifika kwenye mawe, na mkewe akasema, "Dada, mimi naviona vyote hivyo, lakini nikikusikiliza wewe navionea wivu."

Walipofika njia panda, upepo ukageuka. Mzee akasimama ghafla, akainua pua.

"Nani anaoka?"

"Aa, huo ni mkate tu," Mkunga akasema, akamvuta mkono. "Twende mtoni."

"Mkate tu! Mama, huo si wa umeme. Huo ni wa kuni. Tangu nikiwa kijana sijanusa mkate kama huo. Nipeleke."

"Njia ya huko mbovu."

Mke wa mzee alichungulia mtaani. "Mbona imenyooka kama rula?"

Mkunga angeweza kusema pamefungwa, lakini harufu iliyoelea hewani ilikuwa inamsuta. Tena ahadi ni deni, na yeye alikuwa ameahidi mwenyewe kwa kinywa chake. Akavuta pumzi, akashika mkono wa mgeni, akaingia katika mtaa alioukimbia miaka yote.

Ndani ya nyumba ya tanuri mlikuwa na joto na kiza chepesi. Unga alikuwa ameketi kando ya mdomo wa tanuri, uso kaupa moto.

"Karibuni," alisema bila kugeuka. "Mikate inatoka sasa hivi."

"Tumekaribia, fundi," mzee akaitikia. "Tumeletwa na pua yangu. Tulikuwa tunanyimwa!"

"Na nani?"

Kuni zikalia.

"Na mimi," Mkunga akasema.

Unga aligeuka. Wakaangaliana. Huenda Mkunga angetoka, kama yule mzee asingepiga makofi kwa furaha.

"Ninyi ni ndugu! Msinifiche. Nimefungua redio maisha yangu yote. Sauti mbili zikitoka kwenye spika moja, mimi nazijua."

"Ni dada yangu," Unga akasema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo. Kisha akainuka ili ampishe kiti.

Ni hapo Mkunga alipomwona. Hatua mbili tu, na kifua cha mdogo wake kilikuwa kinapanda na kushuka kama mivukuto. Midomo ilikuwa imepauka. Miguu ilikuwa imefura, ikamwagika juu ya kandambili kama unga uliokandwa ukafurika bati. Hasira zote zilimtoka Mkunga mara moja, akabaki muuguzi.

"Umeanza lini kuhema hivi?"

"Ni joto la tanuri tu, dada."

"Tanuri umezaliwa nalo. Usiku unalala chali?"

Unga alitazama chini. "Nalala nimekaa. Nikijinyoosha naona kama nazama."

Mkunga alipiga magoti, akabonyeza muundi wa mdogo wake kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Akasimama. "Vaa shati. Tunakwenda hospitali."

"Mikate iko motoni!"

"Na iungue."

"Haitaungua," akasema mke wa mzee, ambaye tayari alikuwa anakunja mikono ya gauni. "Nionyesheni ule mti wa kutolea mikate."

"Mama, ninyi ni wageni," Unga akalalamika.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haya, tufanye leo ndiyo siku ya tatu."

Katika teksi, Unga aliegemea bega la dada yake. "Siku ile ya baba," alianza.

"Nyamaza, tunza pumzi."

"Pumzi yenyewe nataka kuitumia kwa hili. Sikuwa na hasira nawe. Nilikuwa na hofu. Nilikuwa peke yangu naye, kila mlango ukilia nadhani ni wewe."

Mkunga aligeukia dirisha. "Nilikuwa nimemshikilia mama wa watu. Ningeachia, angekufa."

"Najua. Nilijua hata siku ile."

Mkunga alimshika mkono, ule mkono wa unga, akauweka mapajani pake, na machozi yakamdondoka bila sauti.

Daktari alimpima Unga, akasema moyo umechoka na maji yamejaa mwilini mpaka kifuani. Dawa zipo, na wamewahi, lakini kama wangechelewa wiki nyingine, yeye hakuwa tayari kusema ingekuwaje. "Dalili hizi ni za miezi," aliongeza kwa ukali. "Hukuwa na mtu wa kukwambia uje mapema?"

"Nilikuwa naye," Unga akajibu. "Ila alikuwa hapiti mtaa wetu."

Alasiri Mkunga alirudi kwenye tanuri akitarajia majivu. Alikuta foleni. Mke wa mzee alikuwa mwekundu wa macho kwa moshi, anatoa mikate kwa ule mti mrefu kana kwamba amezaliwa nao. Mzee alikuwa nyuma ya meza, anagonga kila mkate kitakoni kwa kidole na kutega sikio.

"Huu umeiva, chukua. Huu bado unalia kitoto, urudi ndani." Aliposikia hatua za Mkunga, akageuza uso. "Anaendeleaje?"

"Atapona."

"Alhamdulillahi. Pesa ziko kwenye kopo, mama. Mimi sijaziona hata moja."

Mkunga alicheka, kisha kicheko kikamgeukia kilio, akaketi juu ya gunia la unga. Basi la wageni lilikuwa limekwisha ondoka. Walilala kwake, na kesho yake walikwenda wote watatu wodini. Alipojaribu kumshukuru mzee, alikatizwa.

"Usinipambe bure, mama. Mimi nilitaka mkate tu."

Unga alirudi kazini baada ya muda, kapungua uzito wa maji, kifua kimetulia. Hakai tena peke yake. Ameajiri mabinti wawili wa kukanda, na dada yake humletea dawa na kumsimamia azimeze kama mtoto. Tangu hapo, kila Mkunga alipotembeza wageni, mtaa wa tanuri ndio alioanzia. Unga akimwona anakuja na watu wasiojulikana nyuma yake, hufungua milango yote miwili, hubeba sinia la mikate ya moto na kuwatokea barabarani kwa miguu yake mwenyewe, bila kuhema. Kumbe wahenga hawakukosea walipochagua neno. Hawakusema mwenyeji ashibe, wala hawakusema mwenyeji apate. Walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.