Lindo la Eufrasia

Hata lindo lina zamu. Mmemsikia shangazi yenu akiyasema, mkadhani ni maneno ya kambini. Yalizaliwa nyumbani hayo, wajukuu zangu, na yalianza hivi.

Sajini Ndunguru alistaafu jeshi akarudi kijijini kwetu milimani na mikono yake yote miwili na miguu yote miwili. Watu wakampongeza mkewe, Eufrasia, kwa bahati hiyo. Hawakujua kwamba mumewe usingizi aliuacha vitani. Hakufumba jicho mpaka mkewe akae mlangoni, ameelekea njiani, amwambie, "Lala, hapiti mtu." Usiku hivyo, mchana hivyo. Miezi minane Eufrasia alikaa. Akawa anatia chumvi kwenye chai, anafoka bure, analia akichambua maharage. Akiulizwa, anasema ni moshi, na moto haupo.

Jumapili moja kanisani, usingizi ukamzidi. Katekista alipopita kufunga dirisha, Eufrasia akaruka.

"Simama hapo hapo! Nani wewe?"

Katekista akainua mikono juu. "Ni mimi, mama! Kasiani!"

Kanisa zima likaangua kicheko, padri naye akajificha nyuma ya kitabu. Sajini peke yake hakucheka. Maneno yale aliyajua.

Njiani akamwuliza, "Mke wangu, uko lindoni tangu lini?"

"Tangu uliporudi."

"Nani anakupokea?"

"Nani wa kunipokea, baba Oskari? Naogopa. Nikilala, nawe ukashtuka, itakuwaje? Nimechoka mpaka nawachukia watu wanaopiga miayo."

Sajini akasimama. "Jeshini, sajini asiyembadilisha askari wa lindo hushtakiwa."

"Basi jishtaki," Eufrasia akasema, akacheka na kulia papo hapo.

Mchana ule Sajini alikaa mlangoni mwenyewe. Alipochoka akapokewa na dada yake, Kolumba, kisha majirani. Eufrasia alilala mpaka Jumatatu adhuhuri, akikoroma hadi mbuzi wakahama kibarazani. Sajini naye akagundua kwamba porojo za wanawake mlangoni zinamlaza kuliko ukimya. Majinamizi hayakumwisha yote, ila hayakuwa tena mzigo wa mtu mmoja.

Masika yaliyofuata, jirani yao Skolastika alikuwa akimwuguza mama yake, macho mekundu, kila msaada anaukataa. "Ni mama yangu, nitamwangalia mwenyewe."

Eufrasia akamnyang'anya kigoda, akakikalia.

"Nenda kalale, mwanangu. Hata lindo lina zamu."