Mashine Iliyojua Jina Moja

Paukwa!

— Pakawa!

Ah-ah. Hiyo si pakawa, huo ni mwayo. Shamte, nimekuona. Narudia, na safari hii nataka niisikie mpaka kwenye visigino. Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Na hicho unachotaka kutuambia!

Haya, sasa tunaelewana. Kaeni vizuri, msikanyagane.

Palikuwa na bwawa, liliitwa Bwawa la Tope Jekundu. Ukitoka hapo, hakuna maji mengine mpaka mtoni, na mtoni ni mbali, miguu inaomba msamaha njiani. Kila kiangazi kikikaribia, wanyama walichagua Mtunza Bwawa. Kazi yake ilikuwa moja tu, kusema nani anywe lini ili maji yatoshe mpaka mvua.

Mtunza Bwawa alikuwa Kiboko. Tangu lini? Tangu simba ana manyoya mawili shingoni.

Na alitunzaje? Alilala ndani. Asubuhi yumo, mchana yumo, jioni yumo. Bwaaa! Anajigeuza, maji yanakuwa uji. Na ukitaka kunywa huo uji, sharti uje na mzigo wa majani mabichi umtupie domoni. Huna majani? Huna maji.

Siku moja akaja Mama Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mdogo wa kwenye majabali, anayelia kwiii utadhani amebanwa na mlango. Alikuwa na wanawe wawili, wana kiu. Ndimi zimekauka, wakilia machozi hayatoki. Inaniuma mimi ninayesimulia, sembuse yeye mama yao.

"Hodi, Mheshimiwa," akasema Mama Pimbi.

"Mzigo uko wapi?" akauliza Kiboko.

"Huu hapa."

Kiboko akautazama kwa jicho moja. "Huu ni mzigo, au ni kijiti cha kuchokolea meno?"

"Mheshimiwa, na mimi mwenyewe ndiye huyu. Nikibeba zaidi ya hapo, watu watasema majani yanatembea."

"Nenda kalete mwingine!" akasema Kiboko. Ila ule wa kwanza akautafuna. Kru, kru, kru. Mama Pimbi akarudi kwenye majabali mikono mitupu, na wanawe wakamtazama, na yeye akatazama pembeni.

Sasa, uchaguzi ukakaribia. Uchaguzi wa zamani pale bwawani ulikuwa wa foleni. Unamtaka fulani? Nenda kasimame nyuma yake. Basi, imekwisha, hata mwenye chongo anaona foleni ipi ndefu. Miaka yote walisimama nyuma ya Kiboko, maana akigeuza shingo anaona nani hayupo. Lakini mwaka ule kiu ilikuwa imeizidi hofu. Wakanong'ona kwamba watasimama nyuma ya Kobe.

Kobe naye alikuwa na sera moja, kila mmoja anywe halafu atoke. Mkutano wake wa kampeni aliufikia wenzake wameshaondoka, lakini walimwelewa.

Kiboko akasikia ule mnong'ono. Usingizi ukamwisha. Akamwita mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa Fundi Ngedere. Alikuja amevaa tai. Shamte anasema ngedere havai tai. Huyu alivaa, na ukiendelea nitamvisha na koti. Alikuja na sanduku jeusi linalong'aa, lina kioo mbele, na kwenye kioo kuna picha mbili. Picha ya Kiboko ilijaa kioo chote. Picha ya Kobe ilikuwa kule kwenye kona, ndogo, na siku anapigwa picha alikuwa amejificha ndani ya gamba.

"Ndugu wananchi," akasema Ngedere, "foleni ni mambo ya kizamani. Hii ni mashine ya kupigia kura. Unabonyeza, inahesabu, inatangaza. Haichoki, haiogopi, haikosei."

Twiga akainamisha shingo. "Ndani kuna nini?"

"Ndani kuna mfumo."

"Tunaweza kuuona?"

"Mfumo hauonekani."

"Sasa uko wapi?"

"Uko ng'ambo," akasema Ngedere, akarekebisha tai.

Wanyama wakaguna. Kiboko akaona awafunge mapema. Akaita kiapo cha tope. Kiapo cha tope pale bwawani si mchezo. Unatia mguu topeni, unasema neno lako, na ukilivunja hukanyagi tena bwawa lile maisha yako yote. Kiboko akatia miguu yote minne, akaongeza na kidevu.

"Semeni pamoja nami! Mashine haikosei!"

"Mashine haikosei."

"Itakachosema ndicho kitakachofanywa!"

"Ndicho kitakachofanywa."

"Na atakayesema mashine inadanganya, ahame!"

"Ahame," wakasema, miguu topeni, nyuso chini. Mama Pimbi naye aliapa, kwa sauti yake ile ya mlango.

Siku ya kura ikafika. Wakaja tangu jua linachomoza. Kwanza mashine ilitaka kidole ili ikutambue. Punda Milia akaweka kwato.

Teeet! "Mnyama hatambuliki."

"Pangusa kwato urudie," akasema Ngedere.

Akapangusa. Teeet! "Mnyama hatambuliki."

"Tema mate kidogo usugue."

Akatema, akasugua. Piii! Ikamtambua kuwa ni Bundi. "Endelea tu," akasema Ngedere, "mfumo utarekebisha huko mbele." Nyoka alipouliza yeye ataweka nini, akaambiwa aweke alichonacho.

Punda Milia akabonyeza Kobe. Piii! "Umemchagua Kiboko. Asante."

"Nimebonyeza Kobe!"

"Umebonyeza vibaya."

Twiga akabonyeza Kobe. Piii! "Umemchagua Kiboko. Asante."

"Nimebonyeza Kobe!"

"Umebonyeza kwa mbali."

Mwishowe akafika Kobe mwenyewe, maana alianza safari jana yake. Akajibonyeza. Piii! "Umemchagua Kiboko. Asante." Kobe akakitazama kile kioo. Akasema taratibu, "Hata mimi sijitaki?"

Matokeo yakatangazwa. Kiboko, kura zote. Zote, pamoja na za wale waliokufa na ukame wa mwaka juzi, ambao walijitokeza kwa wingi. Kobe, hana hata moja.

Nyumbu akashindwa kuvumilia. "Mashine inadanganya!" akapiga kelele.

Kiboko akafumbua domo, akalifumba. "Umeapa, hukuapa?" Nyumbu akatazama tope, tope likamtazama. Akaondoka na wanawe kuelekea huko kusiko na maji, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwaheri. Mimi hapo huwa nakasirika kila ninaposimulia. Mnyama amesema kweli, na ndiye anafukuzwa!

Mama Pimbi alikuwa na jambo lake. Asubuhi iliyofuata, Ngedere akiwa amelala na tai usoni, akaisogelea mashine. Akabonyeza Kobe. Piii! Kiboko. Akabonyeza kwa kisigino. Piii! Kiboko. Nzi akatua kwenye kioo. Piii! Kiboko. Jani likadondoka. Piii! Kiboko, asante.

Mama Pimbi akacheka kwi kwi kwi mpaka akakaa chini. "Kumbe ndugu yangu wewe unajua neno moja tu," akaiambia mashine. "Basi neno hilohilo linatosha."

Akaenda kwa Kiboko.

"Mheshimiwa, hongera kwa ushindi."

"Umeleta majani?"

"Nimeleta wazo. Mashine nzuri namna hii, inafanya kazi siku moja halafu inakaa tu inapigwa jua? Kuna wanaobisha kwamba wewe ndiye mzuri wa sura kuliko Kobe. Tukipiga kura si watanyamaza?"

Kiboko akajitazama majini. Akajiona. Akapenda. "Wabishi wapo," akasema. "Waite!"

Wakaitwa. Nani mzuri wa sura, Kiboko au Kobe? Piii, piii, piii! Kiboko, kura zote. "Hoh-hoh-hoh!" Kiboko akacheka, bwawa likamwagika kingoni. Mama Pimbi na wanawe wakanywa kile kilichomwagika, harakaharaka.

Kesho yake, nani mwenye sauti tamu? Piii, piii, piii! Kiboko, kura zote. Akaimba. Ndege wakahama mti. "Hoh-hoh-hoh!" Maji yakamwagika, wakanywa.

Kufikia hapo Kiboko hata chakula kilimshinda. Kushinda kumemkaa kichwani kama pombe ya mnazi. Asubuhi hajafumbua vizuri macho anauliza, "Pimbi! Leo tunashinda nini?"

"Leo, Mheshimiwa, naogopa hata kusema."

"Sema!"

"Kuna wanaosema bwawa haliwatoshi wakubwa wawili. Wewe na Kobe, mmoja ahame. Sasa mimi nasema, kwa nini tugombane? Tuiulize mashine. Lakini labda safari hii Kobe atashinda. Hili ni jambo zito."

"Kobe? Anishinde mimi?" Kiboko akasimama wima, maji yanamchuruzika. "Mimi sijawahi kushindwa!"

Ngedere, huko kando, akaacha kula ndizi. Akaipiga hesabu ile, macho yakamtoka. Akaja mbio, tai begani. "Mheshimiwa, neno moja tu sikioni, hii kura ya leo..."

"Nyamaza wewe! Unataka Kobe anishinde?"

"Hapana, lakini ukishinda..."

"Nikishinda nimeshinda! Washa mashine!"

Mama Pimbi akauliza kwa heshima zote, "Na kile kiapo, Mheshimiwa, ni kilekile?"

"Kilekile! Mashine haikosei! Itakachosema ndicho kitakachofanywa!" Akatia tena miguu minne topeni, na kidevu, na kwa raha aliyokuwa nayo akatia na masikio.

Wakapanga mstari. Mama Pimbi akatangaza kwa sauti ile ya mlango ili hata viziwi wasikie, "Tunamchagua atakayehama! Kiboko au Kobe?"

Piii! "Umemchagua Kiboko. Asante." Kiboko akatikisa kichwa kwa furaha.

Piii! "Umemchagua Kiboko. Asante." "Hoh-hoh!"

Wanyama wakaanza kuelewa, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeelewa akaziba mdomo. Kiboko mwenyewe akaenda kupiga kura yake, akajibonyeza kwa pua. Piii! Asante sana.

Ngedere akatangaza huku anatafuta mti wa karibu. "Kiboko, kura zote."

"Hoh-hoh-hoh! Nimeshinda! Nimeshinda tena! Nime..."

Halafu kimya. Kile kimya cha mtu aliyekaa kwenye kiti kisichokuwepo.

"Hongera, Mheshimiwa," akasema Mama Pimbi. "Tukusaidie kufunga mizigo?"

Kiboko akageuka kwa Ngedere. "Itengeneze!"

Ngedere alikuwa juu ya mti. "Haijaharibika, Mheshimiwa! Inafanya vilevile ulivyoagiza!"

"Basi mimi sikubali! Hii mashine... hii mashine inadanganya!"

Oooh! Wanyama wote wakavuta pumzi. Twiga akainamisha shingo taratibu. "Umesemaje, Mheshimiwa?"

Kiboko akatazama tope. Tope likamtazama. Mashine ikisema kweli, anahama. Akisema inadanganya, anahama. Akajaribu kulia, akajaribu kutisha, akafumbua domo lote lile, na safari hii hakuna aliyerudi nyuma. Wote walikuwa na kiu, na wote walikuwa na kiapo. Akatoka majini, bwaaa, na bwawa likabaki limetulia. Walikuwa hawajawahi kuliona limetulia.

Akaenda zake mtoni. Yuko huko mpaka leo, na akikusikia anazama, anaacha macho na masikio tu juu. Anaogopa usije ukawa umemletea kura nyingine.

Nyumbu akatafutwa, akarudi, akanywa yeye kwanza. Wakapiga kura kwa foleni kama zamani, na foleni ilikuwa ndefu nyuma ya Kobe mpaka mwisho wake ukafika kwenye majabali. Na wana wa Mama Pimbi walikunywa mpaka matumbo yakafanya ngoma, du du du, mama yao anawatazama, na safari hii hakutazama pembeni.

Na mashine? Ah, mashine. Mama Pimbi alisema ataihifadhi kwenye majabali yake, isije ikaangukia mikono mibaya. Wakamshukuru. Siku chache baadaye Twiga, ambaye shingo yake haina adabu, alichungulia huko majabalini akamkuta Mama Pimbi amekaa na Fundi Ngedere, wanakula ndizi. Mama Pimbi alikuwa anauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Hivi, fundi, lile jina la ndani... linabadilishika?"

Twiga alivuta shingo yake akarudi nyumbani, na usiniulize alimwambia nani.

Sasa funzo. Mnalitaka funzo? Funzo la hadithi hii ni kwamba mashine ya kura ni kitu cha kuaminika sana. Ile haikukosea hata mara moja! Ilianza na Kiboko ikamaliza na Kiboko, haikuyumba. Basi wanangu, mkikua, msiulize ndani kuna nini. Bonyezeni, semeni asante, mwende nyumbani.

Nimeimaliza hadithi, nimeitia mfukoni. Aliyeipenda anyooshe mkono, na asiyeipenda anyooshe mkono.

Piii! Mmeipenda wote. Hata wewe, Shamte. Asante, kalaleni.