Kofia ya Buluu kwenye Paa Jekundu

Ndugu zangu, kabla hatujafumba macho kuomba, hebu inueni vichwa mtazame mabati ya kanisa letu. Yanatukinga kila Jumapili, na sijamsikia hata mmoja wenu akiyasifu. Basi leo tuzungumzie mabati.

Kulikuwa na baba mmoja aliyekuwa akimjengea mama yake nyumba. Mama huyo aliishi kwenye kibanda cha nyasi kilichochakaa, na kila masika alilala upande mmoja wa kitanda, upande wa pili akaweka sufuria ikinge matone. Mwanawe alimwapia: "Mama, masika haya sufuria itarudi jikoni." Na alimaanisha. Mtakapomcheka, kumbukeni kwamba alimpenda mama yake.

Kuta zikasimama, kenchi za mbao za kubeba paa zikapandishwa, ikabaki kuezeka. Pale njia panda palikuwa na jirani yake mwenye kiduka cha mabati. Akaenda kuuliza bei, jirani akamtajia.

"Na kofia zimo humo humo," jirani akasema. Kofia ni lile bati la kukunja linalokaa kileleni, pande mbili za paa zinapokutana. "Nitakuja kupima mwenyewe."

"Nipunguzie, jirani."

Akapunguza.

"Punguza tena, bwana. Sisi si tunaombana chumvi?"

Akapunguza tena.

"Bado. Ndiyo bei ya jirani hiyo?"

"Hapo nikishuka tena, jirani yangu, nitakuwa nakula mtaji."

Baba yule akaondoka amenuna. Njia nzima analalamika moyoni: mtu wa kwenu ndiye anayekukamua! Kesho yake akapanda basi kwenda mjini, kwenye duka kubwa lenye milango ya vioo na kiyoyozi. Bei ilikuwa imebandikwa ukutani, tena juu kidogo ya ile aliyoikataa kwa jirani. Je, aliomba apunguziwe? Thubutu! Alipanga foleni kimya kama mtoto wa kipaimara. Akalipa yote, akakodi na lori. Mlinzi wa getini akamkagua risiti kana kwamba ameiba, naye akasema, "Asante sana, kaka." Jamani, mtu anashukuru kwa kukaguliwa!

Lori lilipofika njia panda, akamwambia dereva apige honi. Jirani akatoka nje, akayaona mabati mekundu yanavyong'aa, akapunga mkono. "Hongera, jirani!" Baba yule akajifanya anatazama upande mwingine.

Mabati yakapigiliwa. Kwa furaha hakungoja kazi iishe, akamhamisha mama yake na kitanda chake fundi akiwa bado juu. Ndipo fundi akaita: "Mzee, kofia ziko wapi?"

Kofia! Akapiga simu kule dukani. Simu ikamwimbia muziki wee, kisha sauti nyororo ikasema: "Samahani, mteja wetu. Kofia zimeisha, mzigo unaingia wiki ijayo."

Sasa niambieni, mvua inajua wiki ijayo? Ilishuka alasiri ile ile. Paa zuri, jekundu, jipya, na katikati mpasuko kutoka ukuta hadi ukuta, maji yanaingia moja kwa moja kitandani. Mama hakulalamika. Alivuta shuka kando, akasema, "Nyumba ni nzuri, mwanangu. Ila nisogezee ile sufuria."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Akatoka kwenye mvua bila mwavuli, akakimbia hadi njia panda. Alikuwa amejiandaa kusutwa, na alijua anastahili. Jirani aliuliza neno moja tu.

"Mama yumo ndani?"

"Yumo."

"Nyekundu sina, zilizobaki ni za buluu."

"Hata ziwe za rangi gani!"

Jirani akakunja bati pale pale, akabeba ngazi begani. Mvua ilipopungua akapanda na fundi wakapigilia kofia mwanzo hadi mwisho. Ndani, matone yakakoma. Mama akaichukua sufuria, akaenda kuinjika chai.

Jirani akashuka, amelowa, matope hadi magotini. Akataja bei, ile ile anayomtajia kila mtu. Baba yule akatazama juu, akaiona ile kofia iliyomfunika mama yake. Akatia mkono mfukoni, akafungua mdomo. Mnadhani alisema nini?

"Nipunguzie basi. Wewe si jirani yangu?"

Mmecheka. Chekeni, nami nimecheka wakati natunga. Lakini mtu huyu mnamfahamu, asubuhi ya leo mmemfunga vifungo vya shati mbele ya kioo. Ni sisi! Kule mjini tunaitwa wateja, na tunalipa kilichoandikwa bila kukohoa. Neno "jirani" tunalikumbuka tukitaka kupunguziwa. Na Mungu je? Dunia ikitudai usingizi wetu, afya yetu, jioni zetu na watoto, tunatoa kimya na asante juu. Tukija kwa Mungu, tunaanza: Baba, nipunguzie. Ibada iwe fupi. Huyu niliyegombana naye nisimsamehe yeye, nisamehe wengine. Wewe si Baba yangu?

Ni Baba yako, ndiyo. Ndiyo maana alipanda juu ya paa lako ukiwa umempita kwa honi, wala hakukusuta. Mtu aliyefunikwa hivyo hana haki ya kupatana bei.

Basi kesho ukipita njia panda, ingia kwa yule mtu wa kiduka. Usinunue kitu, usiombe kitu. Mwite jirani siku ambayo huna unachotaka kwake. Na sasa, tunapofumba macho, tumwite Baba hivyo hivyo.