Moshi wa Kwanza wa Olhovka

Mkataza moshi huanza na jiko lake. Mzee Shebughe aliyasema maneno hayo asubuhi mkutanoni, mbele ya mwenyekiti wa kamati ya maji, kisha akakaa. Mwenyekiti alikuwa amemaliza kutangaza kwamba ni marufuku kumwagilia bustani mpaka mvua za vuli, na hakuna mtu kijijini asiyejua kabichi za nani zilikuwa kijani kuliko za wote. Akakohoa, akaahirisha mkutano.

Jioni wajukuu wa mzee, Hiza na Mboni, walikaa naye barazani kuchambua mbegu za viazi. Baridi ya Julai kule milimani Lushoto haina mzaha, na mzee alikuwa amejifunika blanketi mpaka mabegani.

"Babu," akauliza Mboni, "ile methali ya moshi umeitoa wapi? Nimemuuliza mwalimu wa Kiswahili, haijui."

"Hawezi kuijua. Niliipata Urusi nilipokuwa nasomea udaktari wa mifugo. Bibi aliyenipangisha chumba alikuwa nayo mdomoni kila mara, naye aliipata kwa bibi yake. Mnataka chanzo chake? Basi mikono iendelee na viazi, masikio yaje kwangu."

Na chanzo chake, kama mzee alivyokisimulia, kilikuwa hiki.

Zamani, miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, mfalme wa Wafaransa aliivamia Urusi kwa jeshi refu, kichwa chake kilikuwa kimefika na mkia bado uko njiani. Jeshi kubwa hula sana, na njaa haina adabu. Kila mara askari waliiacha barabara kuu wakaingia vijijini kutafuta nafaka, ng'ombe na majani ya farasi. Asiyetoa kwa hiari alitoa kwa upanga.

Katika kijiji cha Olhovka alikuwapo mkulima mmoja mfugaji nyuki, jina lake Yermolai. Hakuwahi kuwa askari, hakujua kusoma, na bunduki aliishika mara ya kwanza siku alipomnyang'anya askari mmoja wa Kifaransa. Lakini mizinga yake ilikuwa imetapakaa msitu mzima, kwa hiyo alijua kila njia na kila kinamasi. Ghala la kwanza lilipochomwa, wanakijiji walimchagua yeye awaongoze. Akawahamishia msituni pamoja na mifugo na magunia yao, wakachimba mahandaki na kuyaezeka kwa magogo na udongo. Wanaume wakawa wanaivizia misafara ya askari kwa mashoka na uma za kugeuzia majani. Mara mbili waliteka mikokoteni. Mara ya tatu Wafaransa wakachoka kuchezewa. Wakaleta kikosi cha wapanda farasi, kikapiga kambi katika Olhovka tupu, na juu ya mnara wa kanisa wakapandisha mtu mwenye darubini.

Yermolai alijua mara moja yule mtu anatafuta nini. Akawakusanya watu, akatoa amri kwamba tangu mapambazuko mpaka giza liingie asiwashe mtu moto, hata awe nani.

Mwaka ule theluji ilianguka mapema. Siku ya pili ya amri alikuja Fekla, mke wa Prohor, amembeba mtoto wa miezi minne anayekohoa.

"Yermolai Savich," akamwita, maana kwao mtu wa kuheshimiwa huitwa kwa jina lake na la baba yake, "niruhusu niwashe kidogo tu. Nguo zote za mtoto zimelowa."

"Siwezi, Fekla. Nikikuruhusu wewe, nitamkatalia nani?"

Fekla alimfunika mtoto vizuri, akarudi kwake.

Sasa ni lazima mjue, wajukuu zangu, kwamba jiko la Warusi si mafiga matatu. Ni kitu kikubwa cha udongo, kipana kama kitanda, na juu yake ndipo wanapolala wazee na wagonjwa. Kumnyima mzee jiko kwao ni kama kumlaza nje. Na Yermolai alikuwa na mama yake, Agafia, mwenye miaka zaidi ya sabini na kifua kilichombana. Mkewe alikufa zamani, mtoto hakujaliwa. Mama ndiye aliyebaki. Yermolai alimjengea jiko ndani ya handaki kwa mikono yake mwenyewe, akampandisha juu, na mchana kutwa jiko hilo likawa baridi kama jiwe la mtoni.

Asubuhi moja alimkuta mama yake hawezi kusema kwa kutetemeka. Yermolai alikaa akimtazama. Akajiambia: mimi naujua moshi. Miaka thelathini nimefukiza nyuki. Nikichukua vijiti vikavu kabisa, nikavichoma kimoja kimoja, moshi utatoka mwembamba kama uzi, na uzi huo utapotelea matawini. Hayo ndiyo aliyowaza, na kuhusu moshi hakukosea. Akawasha.

Yule mtu wa mnarani hakuona kitu. Aliyeona ni Fekla.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa handaki lake, mtoto begani. Akauona ule uzi juu ya paa la Yermolai. Hakukasirika hata kidogo. Alidhani amri imelegezwa, akashukuru Mungu, akaingia kuwasha. Ila yeye hakuwa mfugaji nyuki, na kuni zake zilikuwa mbichi na zimejaa theluji. Jirani akaona moshi wa Fekla, naye akawasha. Wa tatu akamwona wa pili. Kabla Agafia hajaacha kutetemeka, mistari mitano ya moshi mnene ilikuwa imesimama juu ya msitu.

Askari walifika kabla ya adhuhuri. Watu wakakimbilia kinamasi kwa njia aliyoijua Yermolai, yeye akiwa mbele, mama yake mgongoni. Prohor mume wa Fekla na wenzake wawili walibaki nyuma, penye njia nyembamba, na mashoka yao, ili watoto wapate muda wa kuvuka. Watoto walivuka wote. Prohor na wenzake walikufa palepale.

Ng'ambo ya kinamasi wakachimba upya. Siku ya tatu wakakaa kikao kumtafuta aliyewaletea msiba ule. Mzee Sidor, ambaye mmoja wa wale waliouawa alikuwa mwanawe, akasimama akamnyooshea Fekla kidole.

"Moshi wako ndio ulioonekana. Sote tuliuona umepanda kama mnara. Watu watatu wamekufa kwa ajili ya nguo za mtoto."

Fekla alimtazama Yermolai tu. Yermolai akatambua kwamba mwanamke huyu anajua, na kwamba hatasema. Mjane wa siku tatu angepata wapi nguvu ya kushindana na kiongozi? Na hakuna mwingine aliyeuona ule uzi. Angenyamaza, heshima yake ingebaki, amri ingebaki yake, na jiko la mama yake lingebaki vilevile, kwani watu walikuwa wamelijenga upya la Agafia kabla hawajajenga la mtu mwingine yeyote. Aliogopa. Bibi yule aliyenisimulia alipenda sana kulisema hilo, kwamba mtu aliyerukia farasi wa askari kwa uma tu mkononi aliogopa siku ile kufungua kinywa.

Akavua kofia. Akainama mpaka vidole vikagusa theluji, kama wafanyavyo kwao mtu anapoomba radhi kwa kijiji kizima.

"Mwacheni Fekla," alisema. "Moshi wa kwanza ulikuwa wangu."

Watu wakatazamana.

"Wako?" Sidor akauliza polepole. "Na amri ilikuwa ya nani?"

"Yangu pia. Mama alikuwa anakufa kwa baridi. Nikadhani mimi moshi wangu hauonekani. Fekla aliufuata wa kwangu, na wengine wakaufuata wa kwake. Mchagueni mtu mwingine, nami mnihukumu mnavyoona."

"Mwingine yupi?" Sidor akamuuliza. "Njia za kinamasi unazijua wewe. Ungekuwa huzijui ningekufukuza sasa hivi, ukafie mbali na kaburi la mwanangu."

Hapo Fekla akasimama.

"Yermolai Savich, sitaki uniinamie. Kuinama hakumrudishi Prohor. Nitatii amri yako, na mwanangu atalala kwenye baridi. Ila nikitoka nje kila asubuhi nilitazame paa lako, nisione kitu."

Yermolai akachukua shoka, akaingia handakini kwake. Agafia alikuwa amesikia kila neno, maana kikao kilikuwa mlangoni.

"Mama," akaanza.

"Livunje, mwanangu. Miaka sabini na mitatu nimeota moto, imetosha. Nishushe kwanza."

Akamshusha, akamlaza juu ya majani makavu, akamfunika koti lake mwenyewe. Kisha akalivunja jiko bonge kwa bonge, na kila bonge akalitupa nje mahali ambapo watu wote wataliona. Alikuwa akilia, wala hakujificha.

Siku zilizofuata baridi iliongezeka mpaka maji yakaganda ndani ya ndoo. Mchana hakuna moto uliowaka, si kwa Yermolai, si kwa Sidor, si kwa yeyote. Lakini likatokea jambo ambalo hakuliamrisha mtu. Siku ya kwanza alikuja mke wa Sidor, akaingia chini ya lile koti, akamkumbatia Agafia kumpa joto la mwili wake. Alipoondoka akaja mwingine. Wakapokezana hivyo, wanawake ambao juzi tu walikuwa hawamjibu Yermolai salamu. Siku ya nne akaja Fekla. Akamweka mtoto kifuani kwa yule bibi, akalala kando yao. Agafia akamshika mtoto kwa mikono miwili, akawa anamwimbia kwa sauti ambayo karibu haikusikika. Kulipopambazuka siku ya tano alikuwa amefariki, na mtoto yuko usingizini ubavuni mwa mama yake.

Wakamzika chini ya mmoja wa mizinga ya mwanawe.

Mtu wa mnarani aliutazama msitu siku nane, asione hata uzi wa moshi. Siku ya tisa wale askari wakaondoka kwa njaa. Yermolai na watu wake wakawangojea darajani. Yaliyotokea pale darajani bibi yule hakupenda kuyasimulia, nami sikumlazimisha.

Siku hiyo watu wa Olhovka wakawasha moto mchana kwa mara ya kwanza tangu kikao kile. Yermolai alisimama nje katikati ya mahandaki, akihesabu mapaa mpaka la mwisho likatoa moshi. Fekla akamjia na chungu chenye makaa.

"Washa na wewe sasa," alimwambia.

"Sina jiko, Fekla."

Fekla akayatazama yale mabonge ya udongo yaliyofunikwa na theluji. Alimtazama na yeye, kwa muda mrefu.

"Basi njoo uote langu," alisema.

Naye akaenda. Tangu hapo, kila mtu aliyesimama Olhovka kuwatolea wenzake amri, watu walilitazama paa lake kwanza.

Mzee Shebughe akaishia hapo. Hiza akaokota kiazi, akakigeuzageuza bila kukichambua.

"Babu," akasema Mboni, "wiki iliyopita, habari za marufuku zilipoanza kusikika, niliona umeung'oa mpira wa maji, ule wa nyuma ya nyumba. Nikadhani umetoboka."

"Haujatoboka."

Mboni akageuza macho kuelekea nyuma ya nyumba, kwenye mche wa mparachichi. Bibi yake aliupanda mwezi ule aliokufa, na tangu siku hiyo babu hakuwahi kuuacha ulale na kiu. Sasa majani yake yalikuwa yamelegea, mawili yameshaanza kukauka pembeni. Mzee naye alikuwa akiutazama, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nisingeweza kusimama mkutanoni hivihivi," alisema. "Mkataza moshi huanza na jiko lake."