Buibui wa Uti wa Mgongo na Nyegere wa Uvunguni

Hadithi ipo?
Ipo.
Imekuja mbio?
Imekuja kwa miguu, imechoka.
Basi ikaribisheni.

Hapo kale, ndani ya uti wa mgongo wa mtoto ambaye hajazaliwa, palikuwa na mji wa buibui wadogo. Madaktari huwaita seli za neva. Kila buibui alizaliwa pamoja na Nyegere wake, mnyama mpenda asali, aliyelala uvunguni mwa kitanda. Na kila buibui alirusha uzi mrefu, ukaenda, ukaenda, ukaenda, mpaka kwenye msuli, kuomba asali. Tone likifika, tii, Nyegere huendelea kulala. Lisipofika, Nyegere huamka akamla mwenye nyumba. Buibui walikuwa wengi, asali kidogo.

Buibui mmoja alipata msuli wa kidole cha mwisho cha mguu, mbali kuliko wenzake wote. Siku hiyo alivuta uzi, akavuta, akavuta, miguu yote minane ikamlegea. Asali haikuja. Majirani wa kulia walikuwa wameliwa tangu asubuhi.

Nguru, nguru, nguru. Nyegere akaamka.

"Bi mdogo, leo hakuna asali."

"Hakuna, mjomba."

"Basi siku yako imefika."

"Unile tu, mjomba, hata mbio sina. Ila fuata utaratibu wa mji. Nyumba hukunjwa kwanza, ikafungwa vifurushi vidogo, jirani asichafuliwe."

Nyegere akameza mate. Akakunja ukuta, kunju, kunju.

"Pembe haijakaa sawa, mjomba. Kunjua."

Akakunjua. Akakunja tena, kunju, kunju. Akafunga.

"Kifurushi kinavuja, mjomba. Fungua."

Akafungua. Akafunga tena.

"Wewe unaliwa au unakagua?"

"Mimi niko kwangu, mjomba. Mgeni ni wewe. Na hicho cha tatu kimepinda."

Nyegere akakaa chini, anahema. Hapo uzi ukatikisika. Tii. Tone moja. Kope zikamwia nzito, akalala juu ya vifurushi, khoro, khoro.

Buibui hakucheka. Alivuta vifurushi kimoja kimoja kutoka chini ya tumbo la Nyegere, akazisimamisha kuta zake. Kisha akashika uzi, akaanza kuvuta tone la kesho.

Imeishia hapo. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni, nimeizoea.

Na funzo lake ni hili: kila mtu ajitegemee, asingoje cha kupewa. Buibui alijitegemea kabisa, ukiacha lile tone.