Tope la Mlangoni kwa Bi Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitika kama ana uji mdomoni? Tena: paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, na msiniulize zamani ipi, mimi nilikuwepo. Nililala kifudifudi juu ya mwamba, kidevu kwenye jiwe, nikaona yote kwa macho haya mawili. Shule niliiacha darasa la tano, lakini macho sikuyaacha huko.

Palikuwa na kilima cha mawe. Ndani ya mawe pango. Ndani ya pango, Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnene, hana mkia, kutwa kuota jua. Huyu jua hakuwa na muda nalo. Alikuwa mtunza magome. Bibi zake na bibi za bibi zake walikwaruza kwa kucha, juu ya magome ya miti, kila jambo la nyika ile: mvua ilinyesha wapi, nzige walitua lini, moto ulipita wapi ukaacha wapi. Magome hamsini na mawili, yamefungwa kwa kamba za ukindu. Ghala dogo, lakini nyika nzima haikuwa na lingine.

Mlangoni palikuwa na tope. Msidhani ni uchafu. Lilikuwa ndilo daftari la wageni. Kila ajaye hukanyaga, chwapu! Unyayo wake unabaki. Kila mwezi ukiandama, asubuhi yake Bi Pimbi huzisoma nyayo, akajua nani kaja, kisha hulilainisha tope upya. Alijivunia tope lile kuliko nyinyi mnavyojivunia sebule zenu.

Siku moja akatua Korongo. Puuu! Vumbi likatimka. Miguu mirefu, shingo ndefu, maneno marefu. Msomi, katoka ng'ambo.

"Bi Mtunzaji," akasema, "naandika kazi kubwa juu ya mioto ya nyika. Nimekuletea bonge la chumvi. Na jina lako nitalitia mwanzoni kabisa."

"Jina langu mimi?"

"Mwanzoni. Kabla ya langu."

Masikio ya Bi Pimbi yakapata joto. Akatandika mkeka wa wageni. Korongo akasoma mpaka alasiri, akainuka.

"Hili Gome la Moto niwekee kando. Asilione mwingine mpaka nirudi nilimalize. Si unajua walimwengu? Watanitangulia."

"Nitalilalia mwenyewe," akasema Bi Pimbi. Na kweli, akalitia chini ya mkeka wake wa kulalia.

Kesho yake, chwapu, chwapu! "Hodi!" Ni Kanga, ndege wa madoadoa, jirani wa kichakani, miguu vumbi tupu.

"Karibu, mama. Una shida gani?"

"Nataka kusoma Gome la Moto. Mwaka jana nilitaga kwa kubahatisha. Moto ukapita. Mayai kumi na moja, Bi Pimbi, nilirudi nikakuta maganda meusi. Mwaka huu nataka nijue moto haufiki wapi. Na siku zangu zimekaribia."

Bi Pimbi akageuka kuutazama mkeka wake wa kulalia. Lakini akilini akaliona jina lake, mwanzoni, kabla ya la msomi.

"Leo ni siku ya kufagia," akasema. "Njoo kesho."

Kanga akatazama sakafu. Inang'aa. Akaondoka.

Kesho yake, chwapu, chwapu! "Hodi!"

"Una barua?" akauliza Bi Pimbi.

"Barua ya nini?"

"Ya kukutambulisha."

"Kunitambulisha kwa nani? Kwa wewe uliyenipigia vigelegele siku ya harusi yangu?"

"Utaratibu ni utaratibu, mama."

"Na Korongo alileta barua?"

"Korongo ni msomi."

"Na mimi?"

"Wewe... wewe jirani."

"Kumbe ujirani ni ugonjwa!" Kanga akacheka, chekeche-chekeche, akaenda zake. Lakini kile kicheko hakikuwa na furaha.

Siku ya tatu, chwapu... chwapu. Pole pole. Tumbo limekuwa zito. Hata hodi alipiga kwa sauti ya chini.

Bi Pimbi akasimama katikati ya mlango. "Gome limeliwa na mchwa."

"Lote?"

"Lote."

Kanga hakubisha. "Basi nitataga popote," akasema, akageuka. Bi Pimbi alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, na maneno makali hayakuja. Siku hiyo hakula. Alijilaza juu ya mkeka wake, na gome chini yake likamchoma mbavu.

Mwezi ukaandama. Asubuhi Bi Pimbi akaenda kusoma tope.

Nyayo za Korongo hizo hapo. Zimeingia, zimevuka, zimeelekea mkekani. Nyayo za Kanga hizo hapo. Zimekuja mara tatu, zimegeukia palepale mara tatu, na za mwisho zimezama kuliko zote. Na mbele yake kuna nyayo nyingine, pana, zimetazama nje, zimekaa kama lango. Bi Pimbi akainama. Akaweka mguu wake juu ya mmojawapo. Ukaenea sawasawa.

Hakulilainisha. Alilichomoa gome, akaliweka kwenye mkeka wa wageni, akateremka mbio kichakani. Kanga alikuwa anaparua shimo kwenye nyasi kavu.

"Mama Kanga! Usitage hapo!"

"Kwani mchwa wamelitapika gome?"

"Halikuliwa. Nilikudanganya. Nililificha kwa ajili ya Korongo. Njoo usome, nakuomba."

Kanga akamtazama kwa jicho moja, akamtazama kwa la pili. Akaja.

Yupo mkekani anasoma, mara puuu! Korongo.

"Huyu anafanya nini na gome langu?"

"Lako tangu lini?" akasema Bi Pimbi. "Mkeka wa wageni ni mmoja. Aliyetangulia anasoma, wewe ngoja hapo kivulini."

"Jina lako nitalifuta!"

Bi Pimbi akaliburura bonge la chumvi mpaka mlangoni. "Lifute. Na bonge lako hili hapa. Nimelamba upande mmoja tu."

Kanga akainua kichwa. "Msomi, hii duara iliyochorwa hapa gomeni, kwenye kazi yako umeiandikaje? Mioto tisa, yote inaizunguka."

"Ni bwawa. Nimeliona kutoka juu, linameta."

"Bwawa! Mimi napita pale kila siku kwa miguu. Ni uwanja wa mawe meupe, na kijichaka kimoja katikati. Nyasi hazioti, ndiyo maana moto unazunguka. Ungetuandikia tukimbilie maji, tungekufa kwa kiu!"

Mdomo wa Korongo ukagonga, kata-kata-kata. Akainama chini, shingo yote ile. "Nisamehe, Mama Kanga. Na wewe, Bi Mtunzaji. Ningeandika uongo." Akasahihisha kazi yake palepale.

Kanga akataga katikati ya mawe meupe. Moto ukaja, tatatata! Ukafika ukingoni, ukazunguka, ukaenda zake.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja Bi Pimbi akaenda kusoma tope. Nyayo za Kanga hizo hapo. Na nyuma yake vijinyayo vidogo kama mbegu za mtama, mistari kumi na miwili, vimevuka mlango moja kwa moja mpaka mkekani. Mwezi huo pia hakulilainisha.

Basi mafunzo ni haya: anayetunza kumbukumbu za wote, awe na mlango mmoja kwa wote, aliyetoka mbali na jirani, mwenye zawadi na mwenye mikono mitupu.

Hadithi yangu imekanyaga tope, imeingia, imekaa mkekani, imeishia hapo. Yote niliyaona, isipokuwa moja, na nawaambia kwa kuwa ni nyinyi. Korongo alisahihisha kazi yake, ni kweli. Lakini zile radhi nilizitia mimi. Nilingoja juu ya mwamba mpaka kidevu kikafa ganzi, akaruka bila kusema neno. Nikaona haipendezi, nikamwombea radhi mwenyewe.