Pima Mia Mbili Bila Maji

Wametusimulia waliotutangulia kuwa katika nchi ya Khurasani palikuwa na kijiji chini ya mlima, na chemchemi ya kijiji hicho ikakauka. Ikapita miaka mitatu. Watu walitayamamu kwa udongo, na maji ya kunywa yaliletwa kutoka mwendo wa nusu siku. Mwishowe wakakata shauri: mwezi wa Ramadhani ukiandama kabla ya maji kufika, watapakia mizigo na kuhama, kila ukoo na njia yake.

Juu mlimani palikuwa na kisima kilichojaa. Ikaamuliwa uchimbwe mfereji chini ya ardhi, kuanzia birika la msikiti kwenda juu hadi kisimani. Kazi hiyo alikabidhiwa Ghiyathi bin Luqmani, mwalimu wa Qur'ani, mcha Mungu aliyefunga kila Jumatatu na Alhamisi. Alipewa wachimbaji tisa, na mkuu wao akiitwa Shaddadi.

Ghiyathi alitaka kuwatia moyo watu wake. Akawapimia kwa mikono miwili iliyonyooshwa, akawaambia, "Kila siku pima tatu. Mkizimaliza, pumzikeni." Nao walizimaliza kila siku, mara nyingi kabla ya alasiri. Kila Ijumaa baada ya sala Ghiyathi alitangaza hesabu, na watu wakamshukuru Mola.

Aliyewaletea wachimbaji maji ya kunywa alikuwa mjane mmoja, Bibi Rayhana, mwenye punda na mitungi miwili. Siku ya sabini alimkuta Ghiyathi kwenye mdomo wa mfereji.

"Mwalimu, maji yamefika wapi?"

"Alhamdulillahi, Bibi, tumetimiza pima mia mbili."

"Sikukuuliza pima, mwanangu. Nimekuuliza maji."

Ghiyathi akachukua taa akashuka.

Wachimbaji wa nchi ile walikuwa na desturi ya kutundika taa mbili nyuma yao, moja mbele ya nyingine. Mchimbaji akigeuka akaona taa moja tu, ya pili ikiwa imejificha nyuma ya hiyo ya kwanza, hujua mfereji umenyooka. Ghiyathi alifika mwisho wa mfereji, akageuka. Hakuona taa hata moja.

"Shaddadi, mmepinda tangu lini?"

"Tangu pima ya mia na arubaini. Tulikuta jabali, Bwana Mwalimu. Jabali lingetupa shibiri moja kwa siku. Pembeni palikuwa na udongo laini, na wewe ulitaka pima tatu."

"Kwa hiyo tunakwenda wapi sasa?"

Shaddadi akaonyesha mbele kwa sururu. "Makaburini, nadhani." Kisha akashusha sauti. "Tunaweza kuurudisha mfereji kwenye njia yake kidogo kidogo. Walio juu hawauoni."

Ghiyathi alijua maana ya maneno hayo. Heshima yake ingesalimika, lakini mwezi ungeandama na birika likiwa kavu. Alikaa chini palepale, akasema, "Nyinyi mmefanya nililowaagiza. Mimi ndiye niliyependa kusikia hesabu ikipanda."

Ijumaa ile alisimama mbele ya jamaa wote akawaambia kwamba pima sitini kati ya zile mia mbili zinaelekea makaburini na hazina faida, na kwamba kosa ni lake. Mansuri, mwenye ngamia, ndiye aliyesema kwanza.

"Basi tumemlisha mwalimu siku sabini atuchimbie makaburi. Angetuambia mapema, tungekufa kwa mpango."

Wengine walicheka, wengine wakainamisha vichwa. Ghiyathi alisubiri watulie, kisha akawageukia wachimbaji wake.

"Tangu leo kazi yetu ni moja. Maji yaingie katika birika hili kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Pima sitawauliza tena. Mwenye neno la kutufikisha huko, aliseme."

Aliyesimama alikuwa Qurbani, mchukuzi wa udongo miongoni mwa wale tisa, ambaye hata sauti yake wengi hawakuijua.

"Nyuma ya lile jabali kuna mfereji wa kale wa chemchemi iliyokauka. Unapanda hadi karibu na kisima. Umejaa mchanga tu. Tukiufikia, itabaki kuzoa."

"Subhanallah. Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Kuzoa mchanga hakuhesabiwi pima, Bwana Mwalimu."

Wakarudi kwenye jabali. Siku ya kwanza walipata shibiri moja. Walipotoka Ghiyathi aliwauliza jambo moja tu: "Taa?" Shaddadi akajibu, "Moja, Bwana Mwalimu," na wote wakaenda kusali wameridhika. Jabali liliwazuia siku kumi na mbili. Mfereji wa kale ulipotokea, Mansuri alikuja na vikapu vyake bila kuitwa. Alisema mchanga anaujua kuliko wao.

Hata hivyo, tarehe ishirini na tisa ya Shaabani ngamia wake walikuwa wamepakiwa. Baada ya alasiri watu walikuwa juu ya mapaa wakitazama magharibi kuutafuta mwezi, na chini ya ardhi Shaddadi akatoboa ukuta wa mwisho wa kisima. Maji yaliingia birikani yakiwa na tope, yakawa mengi, kisha yakaanza kutakata.

Wakamtanguliza Bibi Rayhana. Alitawadha taratibu, kila kiungo mara tatu, na nyuma yake kijiji kizima kikingoja.

"Bibi, utayamaliza," akasema Mansuri.

"Subiri, mwanangu. Mguu wa kushoto bado."

Mansuri akaenda kuwapakua ngamia wake.

Watu walimuuliza Ghiyathi mfereji una pima ngapi kwa jumla. Akasema hajui.

Ndugu zangu, wachimbaji walikuwa wale wale tisa, na mikono ile ile. Walipoambiwa wachimbe pima, walichimba pima. Walipoambiwa walete maji, hata aliyekuwa kimya alikuwa na la kusema. Basi aliyepewa watu wa kuwaongoza na awaambie wazi wanakokwenda, na akijua amewapoteza, awaambie hilo pia. Mola atujaalie kuyatambua maji tunayoyatafuta kabla hatujashika sururu.